Barua kwa Mwanangu Kabla ya Msafara

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma ratiba yote mliyoiandaa wewe na wenzako, tangu siku ya kuwasili ugenini hadi siku ya kurejea, na nimefurahi kuona kwamba mwalimu na mwongoza njia wamewaachia kazi yenyewe: kila siku mwanafunzi mmoja awe kiongozi wa zamu, mwingine ashike fedha, mwingine ashughulikie usafiri na malazi, nao watu wazima wakae nyuma na kuingilia pale tu usalama unapodai. Hayo ni madaraka ya kweli. Hata hivyo, kuna sehemu yake moja ambayo ratiba haikuigusa, nayo ni mamlaka ya kusimamisha safari.

Mlima mtakaoupanda unapita mita 3,000. Kuanzia kimo hicho, madaktari wanaoshughulikia maradhi ya milimani wanashauri kwamba mahali pa kulala pasizidi mahali pa usiku uliotangulia kwa zaidi ya mita 500, na kwamba kila baada ya siku tatu au nne msafara upumzike siku nzima, kwa kuwa mwili huhitaji muda wa kuizoea hewa nyepesi. Kichwa kikimuuma mtu, akapata kichefuchefu, akakosa hamu ya kula au akachoka kupita kiasi, chukulieni kwamba ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Mtu huyo asipande tena hadi dalili zimwishe. Zikizidi, ateremshwe mara moja, wala asiachwe peke yake hata kidogo. Akianza kuyumba anapotembea au kuchanganyikiwa, huenda ubongo unavimba, na hapo hata saa chache ni nyingi.

Haya yote mmefundishwa, najua. Ninalolihofia ni ukimya. Mmekuwa mkichangisha fedha kwa muda mrefu, mmefanya mazoezi pamoja, na hakuna kijana anayetaka kuwa sababu ya kundi zima kurudi nyuma. Kwa hiyo anayeumwa atasema hajambo, na wenzake, kwa kumpenda, watakubali kuamini. Siku ya zamu yako usiwaulize watu kwa pamoja kama wako tayari, kwa maana kundi hujibu kwa sauti ya wenye nguvu. Mwendee kila mmoja faraghani kabla ya kufunga mizigo, umuulize amelalaje na amekula nini. Wewe mwenyewe kama kichwa kinakugonga, liseme lako kwanza, ili wengine waone kwamba kusema hakumshushi mtu heshima.

Safari za wanafunzi za namna hii hazikuanza na ninyi. Mwaka 1932 daktari George Murray Levick alianzisha nchini Uingereza chama cha kuwapeleka wanafunzi ng'ambo, kwenye nyika zisizo na wakazi. Yeye alikuwa miongoni mwa watu sita wa msafara wa Robert Scott, mpelelezi Mwingereza wa Ncha ya Kusini, waliokwama katika bara la barafu la Antaktika mwaka 1912, wakaishi majira yote ya baridi ndani ya pango walilolichimba katika theluji. Kiongozi wao, Victor Campbell, alichora mstari sakafuni kuwatenga maofisa na mabaharia, kwa makubaliano kwamba lililosemwa upande mmoja halikusikika upande wa pili. Naona palikuwa na hekima, kwa kuwa kila upande ulipata mahali pa kunung'unika bila ugomvi. Lakini ninyi msiige, maana mlimani manung'uniko ya mmoja ni habari inayowahusu wote.

Mwambie pia mshika fedha atenge kwanza fungu la kukodi gari na malazi ya dharura, kisha ndipo agawanye kilichobaki. Kundi lililokwisha kutumia fedha zake zote huona kurudi ni hasara, likaendelea kupanda kwa sababu hiyo tu. Na mwalimu akisema basi, ni basi. Huo si wakati wa kupiga kura.

Vidonge vyako vya malaria uendelee kuvinywa hata baada ya kurudi, kwa siku zote alizoandika daktari. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, na tangu mwaka 2016 hutambuliwa maisha yote, basi kitunze pamoja na pasipoti.

Fomu ya ridhaa nimeitia sahihi na kuiweka juu ya begi lako. Kabla hamjakutana tena kuipitia ratiba, nakuomba uongeze safu moja mbele ya kila kituo cha kulala: njia ya kushuka kutoka hapo, saa zinazohitajika, na jina la mtu mzima atakayefuatana na mgonjwa.

Akupendaye,
Mama yako