Kubwa kuliko zote iache nyumbani

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole na kazi za bustani. Barua yako imenifurahisha mno. Tangu nilipoziona nyanya zako nilitamani uzipeleke kushindana kwenye maonyesho ya kijiji, na sasa umeamua mwenyewe.

Ila naona mawazo yako yote yako kwenye ile moja kubwa. Iache nyumbani, tafadhali. Mwamuzi akisimama mbele ya sahani ya nyanya tano, anachotafuta ni tano zilizo kama mapacha: ukubwa mmoja, umbo moja, zimeiva sawasawa. Moja ikizidi wenzake, inaziharibia zote. Kama kuna shindano la zao zito kuliko yote, hiyo kubwa ipeleke huko.

Soma masharti kabla hujashika mkasi. Wakisema karoti tatu, ni tatu. Ukiweka nne, hata ziwe nzuri namna gani, zinaondolewa bila kupewa alama, na inauma kuona kazi ya msimu mzima ikipotea kwa karoti moja ya ziada.

Nyanya zichume na vikonyo vyake na vile vijani vya juu. Vikiwa vibichi, mwamuzi anajua hazijalala. Viazi chagua vya wastani, ngozi safi, macho yasiyozama sana. Vioshe taratibu kwa sponji laini usije ukavichubua, kisha vifunike kwa kitambaa mpaka saa ya kuhukumiwa, kwa sababu mwanga huvigeuza kijani.

Njegere ndizo zinazotaka mkono mwepesi kuliko vyote. Juu ya ganda kuna unga mweupe mwembamba, na kila kidole kinacholigusa kinaacha alama. Kata kwa mkasi, shika kikonyo tu. Halafu liinue ganda kwenye mwanga: utaziona punje ndani zilivyojipanga, na utajua kama kuna pengo au mdudu bila kulifungua. Mimi napenda sana dakika hizo, nikiwa peke yangu shambani, nachagua ganda moja moja.

Maharage mabichi, mwamuzi huvunja moja. Lisipokatika kwa mlio, limeshachelewa, kwa hiyo yachume karibu kabisa na siku yenyewe. Na kila zao beba ya akiba, maana njiani lazima kitu kichubuke.

Fomu uipeleke mapema, waandaaji wengi hufunga kupokea siku kadhaa kabla. Niandikie ukishachagua. Kwa maoni yangu anza na nyanya na viazi. Vitunguu vyako vina ladha nzuri, lakini shingo zake bado nene, na kitunguu cha shingo nene hakikauki vizuri wala hakipati alama. Hivyo tuvishughulikie pamoja msimu ujao, kuanzia kwenye mbegu.

Wako akupendaye daima.