Kamba na wembe havimwokoi aliyeumwa na nyoka

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi nikiwa kimya, lakini ile habari ya kijana aliyemfunga mwenzake kamba, akamchanja kwa wembe na kunyonya sumu kwa mdomo imenishinda. Mmemwita shujaa, mkaweka na picha ya mguu uliokazwa kamba.

Mpwa wangu aliumwa na moma kifundoni. Majirani wakamkaza kamba chini ya goti, wakamchanja, wakambandika jiwe jeusi na kukaa wakisubiri linyonye. Alipofikishwa hospitali usiku, kamba ilikuwa imezama nyamani. Sumu ya moma huozesha nyama pale ilipoingia. Ukiifungia hapo na damu ukainyima njia, unaua kiungo. Mguu ulikatwa, na yeye bado mtoto. Kunyonya hakutoi sumu. Wembe nao unaongeza jeraha, na ziko sumu zinazozuia damu kuganda, ambapo hata chale ndogo huvuja bila kukoma. Aliyeumwa anatakiwa atulizwe, avuliwe pete, viatu na kila kinachobana kabla uvimbe haujapanda, kiungo kitegemezwe kwa banzi kisitikisike, abebwe badala ya kutembea, apelekwe hospitali papo hapo. Nyoka aachwe aende zake. Maelezo hayo yangeenea katika mistari michache tu, na muuguzi yeyote angewapa mngemuuliza!

Na huko hospitali dawa ya sumu ya nyoka haikuwepo. Tuliambiwa imekwisha, tukatafute kwingine, mtoto akiwa anatapika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Kampuni ya dawa ya Sanofi iliacha kutengeneza Fav-Afrique, dawa ya sumu ya nyoka wa Afrika, na akiba ya mwisho ikaisha muda wake mwaka 2016. Wengi wa wanaokufa ni wakulima na watoto wa vijijini, ndiyo maana hakuna anayeharakisha.

Naomba sahihisho katika ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule. Kisha kila Ijumaa mwandishi wenu mmoja azipigie simu hospitali, na Jumamosi mchapishe kila moja ina chupa ngapi za dawa hiyo. Itakayokataa kujibu, liandikeni jina lake na mbele yake muache nafasi tupu.

Msomaji wenu wa siku nyingi