Barua ya wazi kwa Gavana wa Pennsylvania: walipeni mapema wanaotupokea

Mheshimiwa Gavana Josh Shapiro,
Harrisburg, Pennsylvania.

YAH: MALIPO KWA MASHIRIKA YA KIYAHUDI YA HUDUMA ZA FAMILIA, NA KWA WENGINE WANAOFANYA KAZI KAMA YAO

Kwa heshima na taadhima.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inamkataza yeyote anayepokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na humo ndimo ilimotoka haki yetu ya kupata mkalimani. Ofisi yako basi haiwezi kukosa namna ya kuisoma barua hii. Tena nataka wenzangu wa Pittsburgh, Erie na Lancaster wajue ninaomba nini kwa niaba yao, na anayepinga apinge mapema.

Mimi ni mkalimani. Nimezaliwa Uvira, Kongo, nimekulia kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, na sasa riziki yangu iko Pittsburgh: hospitalini, shuleni, na kwenye ofisi za mashirika yanayopokea wakimbizi. Wakongomani wengi tulipofika huku tulikuwa tunawajua Wayahudi wa kwenye Biblia tu. Unashuka uwanja wa ndege usiku, unamkuta mtu ameshika karatasi yenye jina lako, kesho yake unaambiwa shirika lake ni la Wayahudi. Swali la kwanza la wazee wetu huwa moja: wanataka tubadili dini? Hakuna aliyetuomba. Walichotuomba ni saini, saini nyingi mno, na hizo saini ndizo zilizonifanya nianze kudadisi fedha zao zinavyokwenda.

Mashirika haya si ya jana. Lile la Los Angeles lilianza mwaka 1854, mji wenyewe ukiwa bado mdogo, kama chama cha kuzika maiti na kusaidia maskini. La Seattle lilianzishwa na akina mama mwaka 1892. HIAS, linalosafirisha na kupokea wakimbizi, lilianza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Wayahudi walipokuwa wakikimbia mauaji katika himaya ya Urusi. Tangu 2002 liko hata Nairobi, na wapo miongoni mwetu waliowahi kupanga foleni huko kabla ya kuijua Pittsburgh. Walianza kwa kuhudumia watu wao. Watu wao walipopata nafuu, hawakufunga milango. Mwaka 2017 vyama viwili vilivyokuwa vikiyaunganisha mashirika hayo vikawa mtandao mmoja, wenye wanachama zaidi ya 140 Marekani, Canada na Israel.

Chukua la hapa kwetu Squirrel Hill, mtaa wa Pittsburgh, ambalo unalifahamu. Lina ghala la chakula linalofuata sheria za kosher, yaani za chakula cha Kiyahudi, kwa hiyo nguruwe haingii, na mama Mwislamu hana haja ya kugeuzageuza kila kopo kutafuta maandishi. Lina washauri nasaha. Lina wanaowasaidia waliopoteza kazi. Lina idara ya wakimbizi na wahamiaji. Wazee walionusurika mauaji ya Hitler, ambao mashirika ya namna hii kote nchini huwapelekea wasaidizi wa nyumbani, huduma yao kwa sehemu kubwa hulipwa na Claims Conference, chombo kilichoundwa mwaka 1951 kuidai Ujerumani fidia. Kila fungu la fedha lina mwenyewe na masharti yake. Lakini anayepokea simu ni mmoja, mhasibu ni mmoja, paa ni moja. Ukimwangusha mhasibu umewaangusha wote, bibi wa miaka tisini na mtoto wa Fizi aliyefika juzi.

Nikuonyeshe kitu kidogo nilichokiona kwa macho. Mama mmoja alileta barua ya kaunti inayosema amekatiwa stempu za chakula, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula. Kesi meneja, dada wa shirika anayefuatilia shida za familia, akapiga simu, tukakaa tunasubiri huku muziki unapigwa, mama akatumia nafasi hiyo kueleza kwamba mwanawe haendi shule kwa sababu watoto wanamcheka, na kwamba mwenye nyumba amekataa kurekebisha joto. Simu ilipopokelewa tulikuwa na mambo matatu mezani. Mama alipoondoka, yule dada alifungua kompyuta aandike muda wake, robo saa kwa robo saa. Fungu la stempu halihusiki na shule. Fungu la shule halihusiki na mwenye nyumba. La mwenye nyumba lilishafungwa, kwa sababu mama amepita siku 90 za mapokezi. Akanitazama, akaniuliza mimi mkalimani: hii robo saa ya tatu niiweke wapi? Mwishowe hakuiweka popote. Robo saa za namna hiyo hulipwa na mfadhili asiye na masharti, yaani michango ya jumuiya ya Kiyahudi, au hulipwa na yule dada mwenyewe kwa kuchelewa kwenda kwake.

Na hata zile zinazoandikika hazilipwi papo hapo. Utaratibu ni kwamba shirika litumie kwanza, likusanye stakabadhi, lidai, lisubiri. Risiti moja ya basi ikipotea, dai zima linarudi. Wakati huo mishahara inatakiwa, kodi inatakiwa, na familia iliyofika Jumanne inahitaji kitanda Jumanne hiyohiyo. Shirika linachota akiba yake au linakopa benki, na riba ya mkopo huo, kwa kanuni za ruzuku za serikali kuu, hairuhusiwi kudaiwa. Kwa maneno mengine, Mheshimiwa, maskini wanaikopesha serikali bila riba, na wao wanakopa kwa riba.

Mwaka 2025 jambo hili lilitia fora. Bajeti ya jimbo iliyotakiwa iwe tayari tarehe 30 Juni 2025 ilitiwa saini tarehe 12 Novemba. Najua kuvutana kule kulikuwa kwa pande zote, na sikuandikii kukupa lawama peke yako. Lakini kwa muda wote huo kaunti na mashirika ya huduma yalibaki yakikopa, yakiacha nafasi za kazi wazi, yakichagua nani alipwe na nani aombwe kuvumilia. Anayeombwa kuvumilia huwa ni mkalimani. Shirika moja, ambalo sitalitaja na wala si la Kiyahudi, liliwahi kunikalisha na ankara zangu hadi nikakopa nauli kwa shemeji. Sikuwachukia, nilijua na wao wanadai mahali.

Juu ya hayo likaja la Washington. Katika mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Kongo ndiyo iliyoongoza, karibu watu 20,000. Mashirika yakaajiri, maana yanalipwa kwa kichwa cha kila anayeshuka. Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa, na siku chache baadaye mashirika yakapokea amri ya kusitisha kazi, hata kwa familia zilizokwisha kushuka na zilizokuwa ndani ya siku zao 90. HIAS ilikwenda mahakamani Seattle pamoja na wengine, katika kesi iliyobeba jina la Mkongomani mmoja, Pacito. Mei 2025 msaada wa fedha taslimu kwa wakimbizi wapya ulishushwa kutoka miezi 12 hadi minne. Julai ikaja sheria inayowaondoa kwenye stempu za chakula wakimbizi wasio na kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Kwa mwaka wa fedha wa 2026 ukomo wa wakimbizi uliwekwa watu 7,500 tu, na nafasi nyingi zilitengewa Waafrikana, yaani Wazungu wa Afrika Kusini wanaoongea Kiafrikana. Haya si ya kwako, na wewe mwenyewe ulikwenda mahakamani Februari 2025 kudai fedha za jimbo zilizokuwa zimezuiwa. Nayataja kwa sababu yanaonyesha ubovu wa kulipa kwa kichwa: vichwa vipya vikikoma, fedha zinakoma, ilhali waliofika 2024 bado wako hapa, na shida zao ndiyo kwanza zinakomaa. Foleni ya ghala la chakula haijui mwaka wa fedha.

Kuna suala la usalama ambalo nalisema kwa adabu, kwa kuwa wewe umelionja. Tarehe 27 Oktoba 2018 mtu mwenye bunduki aliwaua waumini 11 kwenye sinagogi la Tree of Life, humuhumu Squirrel Hill, akiwa ametanguliza maneno ya chuki dhidi ya HIAS kwa sababu inatupokea sisi. Waliuawa, miongoni mwa chuki nyingine za muuaji, kwa kosa la kutukaribisha. Na Aprili 2025, usiku wa Pasaka ya Kiyahudi, nyumba yako wewe ilichomwa moto familia ikiwa imelala. Tangu hapo mlango wa ofisi ya Kiyahudi si mlango wa kawaida. Una kamera, una kengele, na mara nyingi una mtu. Sasa huyo mlinzi anaingia fungu gani? Hahesabiwi kuwa huduma. Anaingia kwenye gharama za uendeshaji, pamoja na mhasibu, mkaguzi wa hesabu, bima na yule anayepokea simu. Kiwango ambacho shirika lisilo na makubaliano maalumu linaweza kudai kwa gharama hizo kwenye ruzuku za serikali kuu kilipandishwa Oktoba 2024 kutoka asilimia 10 hadi 15. Ni hatua. Ila asilimia 15 haiweki mlinzi mlangoni, mhasibu mezani na mkalimani kwenye simu kwa pamoja, na zipo ruzuku nyingine ambazo hata hicho hazikitoi.

Sisemi mashirika haya hayana kasoro. Nimeona bodi zimejaa mawakili na madaktari wa maana, wanaojua kusoma mizania kuliko mimi, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukaa kwenye lile benchi la kusubiri. Kijana anayejua Kiswahili huajiriwa kama kesi meneja, akaishia kuwa dereva, mkalimani, msuluhishi wa ndoa na mbeba magodoro, kwa mshahara mmoja. Nimewaambia ana kwa ana. Na sisi Wakongomani tuna yetu: vyama vyetu vinaanzishwa kwa shangwe, vinagawanyika kwa kabila na kwa kanisa kabla ya kufungua akaunti, na ukiuliza daftari la matumizi unaonekana unamtukana mwenyekiti. Hapo ndipo ninapowavulia kofia hawa wenzetu. Muhtasari wa kikao uko. Hesabu zinakaguliwa kila mwaka. Mkurugenzi akiondoka, shirika linabaki.

Ninachoomba ni hiki. Jimbo lilipe robo mwaka ya kwanza mwanzoni mwa mkataba, kisha lihakiki stakabadhi, badala ya kuhakiki kwanza na kulipa baadaye. Gharama za uendeshaji zilipwe kama zilivyo kwenye hesabu zilizokaguliwa, hasa pale ambapo fedha ni za jimbo lenyewe na hakuna Washington wa kusingiziwa. Ukalimani uwe na fungu lake, usifichwe ndani ya mshahara wa mtu mwingine, maana ukikosekana anaitwa mtoto wa miaka kumi kumtafsiria mama yake habari za mimba. Na bajeti ikichelewa tena, kuwe na mkopo wa dharura usio na riba kwa mashirika yenye mikataba ya jimbo.

La mwisho nalitoa kwenye historia yao. Mwaka 1979 serikali kuu ilianzisha mpango wa kuchangia: shirika likitafuta fedha kwa wafadhili wake, serikali inaongeza za kwake. Ulianza kwa ajili ya Wayahudi waliokuwa wakitoka Umoja wa Kisovieti, na baadaye umetuhudumia sisi sote. Kasoro yake ni kwamba unampa zaidi mwenye wafadhili. Chama cha akina mama wa Kivu hapa mjini hakina tajiri wa kumpigia simu. Ruhusu, kwa fedha za jimbo, mashirika makubwa kama haya ya Kiyahudi yawe walezi wa hesabu za vyama vidogo, na ulezi huo ulipwe, usiwe sadaka nyingine tena juu ya sadaka. Saa za kujitolea za akina mama wale zihesabiwe kuwa mchango wao.

Bajeti nyingine inatakiwa tarehe 30 Juni. Kabla ya hapo naomba kikao kimoja cha watu wa idara yako ya huduma za jamii na wahasibu wa mashirika haya. Wahasibu, Mheshimiwa, wakurugenzi tumeshawasikia. Kama watahitajika wanaoongea Kiswahili, nitakuja nitafsiri, na ankara yangu nitaileta siku hiyohiyo.

Wako mtiifu,
Mkalimani wa Kiswahili, Pittsburgh

Nakala:
Wabunge wa jimbo wanaowakilisha Kaunti ya Allegheny
Wenyeviti wa vyama vya Wakongomani, Pittsburgh, Erie na Lancaster