Nilimfungua mama, kisha nikamfunga mwenyewe

Mpendwa Mshauri,

Assalamu alaikum. Naomba mnivumilie kwa urefu wa barua hii, kwa kuwa jambo lenyewe nimeliweka moyoni kwa wiki sita na nikilifupisha nitajipendelea.

Mama yangu ana umri wa miaka 79. Ni mzaliwa wa Lamu aliyeolewa Mombasa, na ameishi Mji wa Kale kwa zaidi ya nusu karne. Huu ni mwaka wa nne tangu daktari atuambie kwamba ana dimenshia, maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na fahamu. Kusahau majina yetu tulikuzoea. Tusiloliweza ni lile linaloanza jua likichwa, ambapo mama hutafuta buibui na viatu vyake, akasema kwamba jahazi linamngoja bandarini na mamake anamtazamia Lamu. Nyumba yetu ni ya ghorofa, na ngazi zake ni za mbao, nyembamba na zenye mwinamo mkali kama zilivyo nyingi za mtaa huu. Mwaka jana aliteremka peke yake usiku, akaanguka, akavunjika nyonga na kupasuliwa.

Baada ya hapo tukampeleka katika makao ya wazee ya watu binafsi, nje ya kisiwa. Ni mahali safi, na wahudumu wana heshima. Jioni moja, baada ya alasiri, nilikwenda bila kutoa taarifa, nikamkuta mama ameketi kwenye kiti cha mikono huku amefungwa kiunoni kwa leso, fundo likiwa nyuma ya kiti asikoweza kufika. Leso yenyewe nilimnunulia mimi, zawadi ya Idi. Aliponiona aliniuliza, "Mwanangu, nimekosani?" Msimamizi alinieleza kwa upole kwamba wazee ni kumi na wanne na usiku mhudumu ni mmoja, na kwamba tangu waanze kumfunga hajaanguka hata mara moja. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa, nikamfungua mama, nikamrudisha nyumbani kwa tuktuk jioni ile ile.

Usiku wa tatu nilimfunga mimi.

Msaidizi wetu alikuwa amekwenda kwao, nami nilikuwa na siku mbili bila usingizi, huku asubuhi natakiwa darasani kufundisha. Saa tisa za usiku nilishtuka nikamkuta mama amesimama juu ya ngazi, mguu mmoja ukiwa tayari umeshuka. Nilimrudisha kitandani, nikachukua leso ile ile, nikamfunga mkono kwenye nguzo ya kitanda. Nilijiambia kwamba fundo langu ni la upole. Alipiga kelele kwa muda, kisha akanyamaza, nami nikalala. Alfajiri nilimkuta amejikojolea, mkono una alama nyekundu, na siku ile nzima hakukubali kula kwangu.

Kaka yangu anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee huko Leicester, Uingereza. Nilimsimulia ya makao. Ya kwangu sikumwambia. Alinieleza kwamba chini ya sheria yao ya mwaka 2005 mtu asiyeweza kujiamulia jambo huzuiwa tu pale inapobidi ili asidhurike, na kwa kiasi kinacholingana na hatari iliyopo, basi. Akaongeza kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1987 inayohusu nyumba kama hizo inakataza kumfunga mkaazi kwa ajili ya kumwadhibu au kwa urahisi wa wahudumu. Neno hilo "urahisi" limeninyima raha tangu siku ile. Ningeweza kuapa kwamba nilimfunga mama kwa kuiogopa ngazi, lakini ngazi ingewekewa mlango na fundi kwa siku moja. Nilitaka kulala.

Tena kaka anasema kwamba kufunga hakuzuii kuanguka kama tunavyodhani. Mzee anayefungwa hulegea misuli, hupata vidonda vya kukaa au kulala mahali pamoja, damu yake huweza kuganda miguuni, na wengine wamekabwa na kifungo chenyewe wakijaribu kujinasua. Siku anayofunguliwa huanguka upesi zaidi kuliko mwanzo. Alinitaka nijiulize kwanza mama anatafuta nini anapoinuka: choo, maji, au ana maumivu asiyoweza kuyataja? Je, mkojo wake umepimwa? Niliona maswali hayo ni madogo mno kwa jambo zito kama hili. Tulipopima mkojo, alikuwa na maambukizi, na siku chache baada ya dawa hasira za usiku zilipungua, ingawa safari ya Lamu haikwisha. Kumbe huenda kule makao alifungwa kwa sababu ya ugonjwa ambao hakuna aliyeutafuta.

Mama mdogo haafikiani na kaka. Anasema aliyeko mbali ni mwepesi wa kutoa hukumu, na kwamba mfupa ukivunjika mara ya pili tutamzika dada yake. Sithubutu kumpuuza, kwani naye alikesha nasi hospitalini, na ni kweli kwamba wazee wengi hawainuki tena baada ya kuvunjika nyonga.

Sasa nimeishiwa nguvu na likizo, na makao wako tayari kumpokea tena kwa sharti kwamba nitie saini fomu inayosema familia inaridhia mkaazi "azuiliwe pale usalama utakapohitaji". Fomu haisemi nani ataamua, kwa muda gani, atafunguliwa mara ngapi kupelekwa choo na kunyooshwa miguu, wala nani ataandika kwamba amefungwa. Wamenipa pia chaguo la tembe za kumtuliza badala ya leso. Kaka amelikataa hilo kabisa, kwa kuwa tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba baadhi ya dawa za akili za aina hiyo huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia, na kwa maoni yake kumpa mtu dawa ili asituondokee kitini ni kumfunga vilevile.

Katiba yetu, katika Kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na bila kudhulumiwa, na pia ya kupata matunzo kutoka kwa familia yake na Serikali. Nimekisoma mara nyingi, na kila mara nakwama katika swali moja: saini yangu ina uzito gani juu ya mkono wa mtu mwingine? Mama asubuhi huwa na fahamu kiasi. Nilipomuuliza siku moja kama angekubali kufungwa ili asianguke, alinitazama akasema, "Mimi si mbuzi." Mama mdogo anasema hilo si jibu, ni maradhi. Mimi naona ni jibu.

Nimejaribu mengine. Nimeteremsha godoro lake sakafuni, na kila magharibi humshika mkono tukatembea polepole hadi karibu na Bandari ya Kale, akatazama maji, akaambiwa kwamba jahazi litaondoka kesho, tukarudi. Usiku mwingi baada ya hapo hulala. (Najua kwamba namdanganya, nalo hilo nalibeba.) Lakini makao hawana mtu wa kumtembeza mzee mmoja.

Naomba ushauri wenu, na wa wasomaji waliowahi kuuguza. Je, niikatae fomu na kumkosesha mama nafasi, au niirudishe nikiwa nimeandika masharti yangu, kwamba sababu itafutwe kwanza, daktari ahusishwe, na nipigiwe simu kila anapofungwa? Kuna makao yanayokubali masharti hayo? Na kaka, ambaye hunitumia pesa kila mwezi akiniamini kuwa ndiye niliyemwokoa mama, nimwambie ya usiku ule kabla sijatia saini au baada?

Wenu,
Binti wa mama,
Kibokoni, Mombasa