Kombo, kiziba macho hiki utakiunda mwenyewe

Hull, Uingereza

Kwako mdogo wangu Kombo,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, ila baridi imeshaanza. Nisalimie Bi Mkubwa, mwambie pesa za paa zimeshatoka. Zile ulizoomba wewe za kununua kiziba macho cha ndoto kilicho tayari, kile kinachomwashia taa aliyelala ili ajue ndotoni kwamba anaota, sizileti. Naleta vipande na yule kijana wa Konde mwisho wa mwezi.

Kwanza la Ami Faki. Limeniuma kwamba amekaa barazani akasema nakufunza kuita majini, wala mimi hakuniuliza. Mweleze kwa adabu: mtu akiwa ndotoni macho hwenda mbio chini ya kope, na mwili hufungwa ili asiicheze ndoto yake kitandani. Akizinduka kabla mwili haujafunguka, hilo ndilo jinamizi. Mwambie amtazame mwana wa Asha alfajiri. Ataona kituta kidogo kikipita chini ya kope, kushoto, kulia, kinatua, kinakimbia tena. Kituta hicho ndicho tunachokiwinda. Katika mji huu huu ninaokaa, mwaka 1975, mtafiti Keith Hearne alimlaza Alan Worsley chuo kikuu, wakaagana kuwa akijua anaota apeleke macho kushoto na kulia, na mashine ikayaandika. Kila nikipita pale bega hunipanda.

Sasa kazi. Utapata bodi mbili za Arduino Pro Mini za volti 3.3, yaani vikompyuta vidogo vya kutia programu, moja ya akiba, na sensa za TCRT5000. Jicho la samawati la sensa linatoa mwanga usioonekana, lile jeusi linapokea. La samawati litie rizista ya omu 470, mwanga ubaki mdogo, usiuongeze hata kidogo kwa sababu jicho lako haliuoni wala halijikingi nao. Jeusi litie kilo-omu 10 kwenda kwenye umeme, na pale jeusi linapokutana na rizista hiyo paende kwenye pini ya A0 ya bodi. Ukitaka kujua kama inawaka, itazame kwa kamera ya mbele ya simu, mara nyingi utaona urujuani hafifu.

Sensa ikae kama sentimita moja kutoka kwenye kope. Ikigusa kope huna usingizi, ikiwa mbali husomi kitu. Izungushie kipande cha buibui kukuu la Bi Mkubwa, maana jua la asubuhi lina mwanga wa aina hiyo hiyo na litakushushia bure nambari inazosoma bodi. Nambari ni 0 hadi 1023. Zikiganda karibu na 1023, badilisha kilo-omu 10 uweke 47. Zikiganda chini, weka rizista ndogo zaidi.

Programu isome kila milisekunde 50 na ilinganishe na wastani wa sekunde chache zilizopita. Tofauti ikizidi 8, hesabu moja. Ikizidi 100, huyo kageuza kichwa, futa hesabu yote. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanahesabu kila mtikisiko, taa inawaka mtu yu macho, kisha wanasema kifaa hakifai. Hesabu zikifika 20 kwa dakika moja, waka. Hizo ni nambari za kuanzia tu, kila uso una zake.

Taa mbili nyekundu, kila moja na kilo-omu moja, ziwake mara nane, nusu sekunde kuwaka, nusu kuzima, kisha zinyamaze dakika kumi. Nyekundu kwa sababu hupenya kope kuliko rangi nyengine. Zikikuamsha, ongeza rizista. Na saa nne za mwanzo zisiwake kabisa. Ndoto hurudi kila dakika tisini hivi, lakini ndefu ni za karibu na alfajiri.

Umeme ni betri tatu ndogo za AAA kwenye pini ya RAW ya bodi. Betri ya simu usiiweke usoni, na usilale umechomeka kwenye chaja. Mchana jizoeze: kila ukiona mwanga mwekundu, jiulize kama unaota. Bila hilo taa itakuwa ndotoni taa ya gari tu, nawe utapita zako.

Jinamizi likikujia usiku hata usiku, kivue ukiweke.

Niandikie nambari za usiku wa kwanza, zote, hata mbovu. Na karafuu zimeshaanuliwa? Nitilie konzi moja kwenye bahasha, harufu yake haipatikani huku.

Kakako,
Shaame