Injini ikizimika angani, mwanafunzi awe ameshauzoea ukimya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba ndege ndogo za watu binafsi huku Australia ni majeneza yenye mabawa, na kwamba wazazi wetu wenye watoto huku wasiwaruhusu hata kuzisogelea. Nimeishi Queensland miaka 11, na kwa miaka 6 sasa narusha ndege ya viti viwili siku za mapumziko. Hofu yake naielewa, maana injini huzimika kweli. Yangu imewahi kuzimika. Lakini dawa anayoitoa haiutibu ugonjwa huu.

Injini kuzimika, peke yake, hakuiangushi ndege. Mabawa bado yapo. Ndege kama ninayorusha, ikiwa futi 1,000 juu ya ardhi, huteleza hewani karibu kilomita 3 kabla ya kugusa chini, na muda huo wote rubani anaiongoza. Anayenitia hofu mimi ni rubani ambaye hajawahi kuusikia ukimya ule kabla ya siku yenyewe.

Australia ililijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1976 ilitoka kanuni ya ndege nyepesi sana, maarufu kwa namba yake, 95.10. Ndege iwe na kiti kimoja, isipande zaidi ya futi 300, isivuke barabara za umma. Walioitunga walikuwa na nia njema: walitaka vyombo hivi vikae mbali na watu na mbali na ndege kubwa. Sasa tazama ilivyokuwa. Kiti ni kimoja, mwalimu akae wapi? Watu wakajifundisha wenyewe, wakikimbiza ndege huku na huko shambani mpaka siku moja ikanyanyuka nao. Na futi 300 ni kama mita 90 tu. Injini ikizimika hapo una kama nusu dakika ya kuchagua mahali, kuuelekea upepo na kutua, nawe hukufundishwa na mtu. Watu walikufa kwa sababu ya kanuni iliyotungwa kuwalinda.

Mwaka 1983 marubani hao waliunda chama chao, Australian Ultralight Federation, ambacho leo kinaitwa Recreational Aviation Australia, au RAAus. Katikati ya miaka hiyo ya 1980 ndege za viti viwili zikaruhusiwa kwa kufundishia. Kwa maoni yangu hakuna kifaa kilichookoa roho nyingi katika mchezo huu kuliko kiti kile cha pili.

Mwalimu wangu ni mama mtu mzima asiyesema sana. Tungekuwa tunasafiri vizuri, mimi nikitazama mashamba ya miwa, mara mkono wake unaurudisha wenzo wa mafuta mpaka mwisho. Injini inanyamaza, imebaki kuguna tu. Kisha anauliza neno moja: "Wapi?" Anataka nimwonyeshe shamba nitakalotua, upepo unatoka upande gani, na kama kuna nyaya za umeme. Alinifanyia hivyo juu ya mito, mara baada ya kupaa, hata siku nilipokuwa nimechoka na nataka kurudi nyumbani. Siku za mwanzo nilimkasirikia.

Asubuhi moja ya Julai nilikuwa peke yangu, nikirudi uwanjani. Hewa ilikuwa na unyevu, mawingu mepesi, joto nyuzi 18. Nikapunguza nguvu ili nianze kushuka, na nikasahau kuvuta kwanza wenzo unaopeleka hewa ya moto kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Ndugu zangu wa Tanga na Mombasa hawaamini ninapowaambia kwamba katika joto hilo barafu inaweza kuziba kabureta, lakini ndivyo ilivyo. Hewa inapopita kwenye koo jembamba la kabureta na petroli kugeuka mvuke, joto mle ndani hushuka kwa nyuzi 20 au zaidi, na unyevu huganda palepale. Injini ikaanza kutetemeka. Nikavuta wenzo kwa kuchelewa. Ikakohoa, ikazidi kutetemeka, ikanyamaza.

Mikono yangu ilifanya kazi kabla ya akili. Pua chini kidogo, mwendo noti 65, yaani kama kilomita 120 kwa saa, macho kwenye uwanja, ambao bado niliweza kuufikia kwa kuteleza bila injini. Nilisikia upepo ukipita kwenye kioo, sauti ambayo kwa kawaida injini huifunika. Nikatua mwanzoni mwa njia na kusimama. Nilikaa ndani ya ndege muda mrefu kabla sijafungua mlango. Kosa lilikuwa langu, nami nililiandika hivyo kwenye taarifa niliyotuma RAAus, kwa sababu mwingine atakayerudi nyumbani asubuhi yenye unyevu anastahili kulijua.

Hapo ndipo penye jambo la pili ambalo msomaji mwenzangu hakuligusa. Ametaja injini za Jabiru kana kwamba ndizo ushahidi kwamba mchezo wote ni wa kifo. Ngoja nieleze, maana kampuni hiyo ipo hapa Bundaberg, mji alikozaliwa Bert Hinkler, yule aliyeruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia mwaka 1928. Jabiru, watengenezaji wa ndege ndogo, ilianzishwa 1988. Injini waliyokuwa wakinunua kutoka Italia ilipoacha kutengenezwa, mafundi wa mji huu mdogo wa miwa walibuni yao. Injini nyepesi, inayopozwa kwa hewa, isiyo na gia kati yake na propela; ya silinda 4, baadaye na ya silinda 6. Imewafundisha kuruka watu wengi wasio na uwezo wa ndege za bei kubwa.

Lakini ilikuwa na udhaifu. Shirika la uchunguzi wa usalama wa usafiri, ATSB, lilihesabu matukio 322 ya injini kuzimika au kuharibika katika ndege nyepesi kati ya 2009 na 2014, na 130 yalikuwa ya Jabiru. Ukilinganisha na saa zilizorushwa, kiwango chake kilizidi mara mbili cha kampuni nyingine yoyote. Tatizo lililojitokeza zaidi lilikuwa boliti ndefu zinazobana bloku ya injini kukatika. Mwishoni mwa 2014 mamlaka ya usafiri wa anga, CASA, ikaweka masharti makali: zirushwe mchana tu, zisipite juu ya makazi ya watu, rubani awe wakati wote na mahali anapoweza kufika bila injini, na abiria atie saini kwamba ameelezwa hatari. Shule zenye ndege hizo ziliumia sana, na uchungu wa miaka ile bado unasikika ukikaa na wenye ndege. Katikati ya 2016 masharti yaliondolewa kwa injini zinazotunzwa na kubadilishwa vipuri kama mtengenezaji anavyoagiza.

Wapo wanaosema CASA iliionea kampuni ndogo ya nyumbani. Mimi naona takwimu zile zilikuwa haki ya kila anayekaa kwenye kiti cha abiria. Na zilipatikana kwa sababu kulikuwa na marubani na mafundi walioandika taarifa hata pale injini ilipozimika na mtu akatua salama, bila gazeti kujua. Boliti iliyokatika ikatupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu haimfundishi mtu.

Kwa sababu hiyohiyo nina lalamiko. Ajali ya ndege ya abiria huchunguzwa na ATSB mpaka skrubu ya mwisho, na ripoti tunaisoma sote. Ndege ndogo za RAAus zikiua mtu, kwa miaka mingi ATSB kwa kawaida haikwenda. Kazi iliachiwa polisi na hakimu anayechunguza vifo, wakisaidiwa na watu wa chama. Mjane hukaa miaka akisubiri majibu, na sisi tunaoruka ndege ya aina ileile tunaendelea kuruka bila kujua kilichotokea. Serikali itoe fedha vifo hivi vichunguzwe kwa ukamilifu uleule. Hili naliandika kwa moyo wote.

Kwa vijana wetu: umri wa miaka 15 unatosha kuruka peke yako hapa, na cheti cha RAAus kinadai angalau saa 20 za kuruka, 5 kati ya hizo ukiwa peke yako. Nimewasikia wanaozitaja saa 20 kama bei ya dukani. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Mimi nilihitaji 34. Na cheti hicho si ajira. Ni cha kuruka kwa furaha yako, na abiria mmoja ukishapata idhini ya kumbeba, mchana, ukiwa unaona mbele vizuri.

Mzazi anayelipa ada aende mwenyewe uwanjani. Amuulize mkufunzi ni mara ngapi mwanafunzi atatua injini ikiwa imepunguzwa kabisa kabla hajaachiwa peke yake. Aombe kuonyeshwa daftari la matengenezo. Aulize pia wanafundisha nini kuhusu injini kuzimika mara baada ya kupaa, kwa sababu pale ndipo moyo humdanganya mtu ageuze arudi alikotoka. Ndege inayohitaji noti 45 ili ibaki hewani ikienda sawasawa, ikilala nyuzi 45 kwenye kona huhitaji karibu noti 54, na rubani aliyepotewa na injini hana mwendo wa kugawa. Bawa linaachia hewa, ndege inajipindua karibu na ardhi. Jibu sahihi ni pua chini na kutua mbele, hata kama mbele ni miwa. Shule ikijibu swali hilo kwa kusitasita, mzazi aondoke na fedha zake.

Msomaji mwenzangu akifika Bundaberg, namkaribisha. Sitamlazimisha kupanda. Nitamwonyesha boliti moja iliyokatika ambayo fundi wetu ameitundika karakanani juu ya meza yake ya kazi, kisha tutatoka nje tumtazame yule mama akimfundisha mwanafunzi mwingine, tusikilize injini inapopunguzwa juu ya mashamba, na tuhesabu pamoja mpaka magurudumu yaguse nyasi.

Ni mimi msomaji wako,
Bundaberg, Queensland