Shoga yangu, andika "nilifanya"

Tunguu, Unguja
Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na mama yako anaendelea vizuri. Mwambie mkeka wake nimeutandika chumbani na kila anayeingia anauuliza.

Nimepata. Barua ilikuja Jumatano mchana, nikaisoma nimesimama koridoni, machozi yakanitoka mbele ya wanafunzi. Sasa mimi ni Felo, ninatambuliwa kuwa mwalimu wa elimu ya juu kwa viwango vya Advance HE, ile taasisi ya Uingereza niliyokutajia siku ile bandarini. Ningekupigia simu saa ile ile, lakini nina jambo nataka ulisome ukiwa umetulia, kisha ulisome tena.

Mwanzoni nilidhani ni kazi ya kupeleka vyeti. Sivyo. Wana mfumo wa viwango ulioanza 2006, na unaotumika sasa ni toleo la 2023. Unaitazama kazi ya ufundishaji kwa pande tatu, yaani unayoyafanya, unayoyajua na maadili unayoyasimamia, na kila upande una vipengele vitano. Kwa njia niliyopitia mimi, unaandika maelezo ya kazi yako, maneno kama 3,000, halafu watu wawili wanaoijua kazi hiyo wanaandika ya kwao. Ada ipo pia, nami niliilipa kwa zamu yangu ya upatu.

Kilichonitesa ni kuandika. Nilianza kwa Kiswahili kwenye daftari ili fikra zikae sawa kabla ya kugeuza Kiingereza. Mwenzangu aliyetangulia kuipata akanisomea. Daftari lilirudi limejaa duara nyekundu, na kila duara imezunguka herufi mbili: tu. Tulipanga. Tuliwafundisha. Tuligundua. Chini ameandika: "Wewe ulifanya nini?"

Niliumia, wallahi. Unajua tulivyolelewa. Mtoto akisema mimi, mimi, anakatazwa mbele ya wageni. Marehemu mama yangu hakuchoka kutwambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nikajiona ndiyo hiyo bidhaa inayotembezwa. Nililiacha daftari wiki tatu.

Kilichonirudisha ni somo letu la makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Nilikuwa nimeandika "tuliwafundisha ukenekaji kwa mvuke kwa kutumia makonyo ya karafuu", yaani kuyatoa mafuta kwa mvuke wa maji, sentensi moja, basi. Nikasema nijaribu hii tu, niigawe: nani alifanya lipi? Nikakaa nayo mpaka adhana ya alfajiri.

Unakumbuka nilivyokuwa nikilifundisha kabla hujaja kuwa fundi wa maabara yetu? Nilichora chupa na bomba la kupoozea ubaoni, wakanakili, kwenye mtihani wakanirudishia mchoro wangu. Wewe ndiye uliyeniuliza, huku unaosha vyombo, kwa nini tunachora chombo ambacho nusu ya watoto hawa wamekipita kiwandani wakienda Chake Chake. Wiki iliyofuata ukatoka Pemba na mfuko wa makonyo. Nilikwambia kile kiwanda cha mafuta ya karafuu cha Wawi si maabara. Ukanijibu: moto, maji, mvuke na baridi, kimezidi nini?

Halafu siku yenyewe. Mimi nilikuwa nafungua mdomo kuwaeleza mafuta yatakaa wapi, juu ya maji au chini, ukanivuta mkono ukaninong'oneza, "Usiwaambie. Waulize kwanza." Wakasema wote, juu. Mafuta huelea, nani asiyejua? Yale maji yakatoka meupe kama tui, ukawazuia wasiguse, wangoje. Yakaanza kutulia, na matone ya manjano yakashuka chini moja moja. Zile kelele zilisikika mpaka ofisi ya mkuu wa idara. Kijana mmoja wa Micheweni, aliyekuwa hasemi darasani tangu muhula uanze, akasema babu yake hushika kichupa cha mafuta ya karafuu kwa sababu ya meno, na siku zote hajawahi kuyaona pamoja na maji. Ndiye aliyeuliza lile swali: kama eujenoli, ile kemikali kuu ya mafuta ya karafuu, huchemka kwenye nyuzi 254, imetokaje na mvuke wa maji usiofika hata mia? Aliuliza kwa Kiswahili, nami nikamjibu kwa Kiswahili bila kujali utaratibu wa lugha. Nikamwambia maji na mafuta hayachanganyiki, kila kimoja kinasukuma mvuke wake, na nguvu mbili zikijumlishwa zinaishinda hewa kabla ya nyuzi 100. Alielewa. Nilimwona usoni akielewa.

Basi nikaandika. Wazo la makonyo si langu. Kuwauliza kabla ya kuwaonesha si kwangu. Langu lilikuwa kuwagawia nusu karatasi mwisho wa kipindi waandike kilichowakanganya, na kuzisoma zote usiku ule. Langu lilikuwa kuliondoa lile swali la "eleza kwa mchoro" na kuweka la kuwauliza kwa nini mafuta ya makonyo hayachemshwi peke yake. Niligundua kuwa kusema "nilifanya" kunanilazimisha niwe mkweli kuliko "tulifanya". Ile "tu" ilikuwa imenifichia uvivu wangu wa miaka ya nyuma, na ilikuwa imekuficha wewe mzima mzima. Kwenye maelezo yangu sasa umo, kwa cheo chako: fundi wa maabara aliyenifundisha kuuliza kabla ya kueleza.

Na hapo ndipo hasira iliponipanda. Kwenye chuo kimoja nilichowahi kufanya kazi, fomu ya kupandishwa daraja ilikuwa na kurasa za makala na machapisho, na ufundishaji ulipewa mistari miwili. Wa maabara hata hiyo miwili hamkuwa nayo. Miaka yote ile, wanafunzi wangapi wamepita mikononi mwako, na hakuna karatasi hata moja inayosema kuwa ulimfundisha mtu kitu. Wewe mwenyewe ukiulizwa kazi yako unasema, "Mimi natayarisha vifaa."

Sikubali tena, shoga yangu. Kuna daraja nne: Felo Mshiriki, Felo, Felo Mwandamizi na Felo Mkuu. Hilo la kwanza halikuwekwa kwa wahadhiri wachanga peke yao. Fundi wa maabara anaingia, mkutubi anaingia, yeyote ambaye kazi yake inamsaidia mwanafunzi ajifunze. Hawakulazimishi uoneshe shughuli zote tano za upande wa unayoyafanya, mbili zinatosha, pamoja na baadhi ya yale maarifa na maadili. Kufundisha au kusaidia kujifunza, hiyo unayo. Kumwongoza mwanafunzi, nani amewaongoza kama wewe? Wale wasichana waliokuwa wakiogopa kuwasha moto, uliwasimamia mmoja mmoja mpaka wakawasha wenyewe. Hiyo haikuwa huruma tu. Hiyo ilikuwa kazi, na inaandikika.

Sikufichi, mshahara haujaongezeka hata shilingi, na sijui mtu atakayeniita kwa cheo hiki kipya hapa mjini. Lakini nimekaa na kazi yangu mwenyewe nikaitazama, na tangu hapo siingii darasani vile vile.

Ile ada yako usiiwaze sasa. Zamu yangu nyengine ya upatu inaangukia Rajabu, tutazungumza. Maelezo yako mimi nitayaandikia ushahidi, kwa furaha, na duara nyekundu nitazipiga mwenyewe. Kiingereza tutakigeuza pamoja, kisikutie hofu.

Ninachokuomba ni kidogo. Lile daftari lako la jalada la buluu, ulilokuwa ukiandika kila maabara na kilichoharibika na ulivyokirekebisha, najua hujalitupa. Litafute. Kwenye ukurasa mtupu andika "Nilileta makonyo", halafu endelea na kilichofuata, ulivyofanya wewe. Ukifika mwisho wa ukurasa, upige picha unitumie, hata kama ni usiku wa manane.

Msalimie mama.

Mwenzio akupendaye,
wa Tunguu